Jinsi ya kupanga na kutafuta kadi za spea za PLC kabla mashine haijalala

Kama kiwanda chako bado kinaendeshwa na PLC (kompyuta ya kuendesha mashine, iliyojengwa kwa kadi za kuchomeka) iliyofungwa miaka ya 2000 mwanzoni au nyuma ya hapo, soma hii mpaka mwisho, manake hizo kadi zinaisha sokoni huku sisi bado tunazitegemea kila shifti. Nitaongelea zaidi Siemens S7-300 kwa sababu ndiyo naijua vizuri na imejaa kwenye viwanda vya huku kwetu, na Allen-Bradley nitaigusa pale inapohusika, ila njia ni ileile hata kama una Omron au Mitsubishi.

Hali ilivyo ni hivi. Siemens walianza rasmi kuiondoa S7-300 sokoni Oktoba 2023, na vipuri wamesema vitaendelea kupatikana mpaka 2033. Allen-Bradley PLC-5 ilishaondolewa sokoni tangu 2017, ukiitaka leo unaipata kwa wauza stoku za zamani au iliyotumika. Sasa usije ukasikia 2033 ukalala usingizi, kwa sababu kuwepo kwa kipuri haimaanishi kipo Dar au Nairobi, na haimaanishi bei itabaki pale ilipo, kadri miaka inavyoenda bei inapanda na muda wa kusubiri unarefuka. Na kitu ninachotaka ukishike kuliko vyote: kadi ambayo haijawahi kuwekwa kwenye reki (fremu inayobeba kadi) ikawashwa na kupimwa usiihesabu kama spea, hata kama iko kwenye boksi zuri lenye nailoni yake.

ANZIA KWENYE PANELI

Watu wengi wanaanza kwa kufungua katalogi au kutafuta onlaini "S7-300 CPU bei gani", hapo unapoteza muda. Chukua simu yenye kamera nzuri, daftari, nenda paneli moja baada ya nyingine, piga picha kila kadi, andika reki namba ngapi, iko nafasi ya ngapi, na namba ya kuagizia nzima mpaka herufi ya mwisho. Nasisitiza nzima. Ukiandika tu "CPU 315" umeandika nusu ya habari, maana 6ES7 315-2AG10-0AB0 na 6ES7 315-2AH14-0AB0 zote ni CPU 315-2 DP lakini ya pili ni mpya zaidi na ina memori ya kazi KB 256 wakati ya kwanza ina KB 128. Kwenda juu kwa kawaida hakuna shida, kurudi chini ndo unaweza kuta programu haiingii.

Kwenye kadi za kawaida mtego ni mbaya zaidi kwa sababu kwa macho zinafanana kabisa. 6ES7 321-1BH02 na 6ES7 321-1BH50 zote ni ingizo 16 za volti 24 DC, tofauti ni kwamba moja inasoma chanya na nyingine inasoma hasi, ukikosea sensa zote zinakaa kimya na wewe unaanza kulaumu waya. Kwa Allen-Bradley SLC 500 ni vilevile, 1746-IB16 na 1746-IV16, herufi moja tu ila mkondo unaenda upande mwingine. Kwenye kadi za kutoa angalia kama ni za relei au za transista: 6ES7 322-1HH01 ni relei, 6ES7 322-1BH01 ni transista ya nusu ampea. Ukiweka ya transista mahali palipokuwa panaendesha koili ya kontakta ya volti 230 AC kupitia relei, unaiua kadi mpya siku hiyohiyo.

Afu kuna toleo la bidhaa. Kwenye kadi za Siemens utaona mstari wa namba umeandikwa 1, 2, 3, 4 na kuendelea, na mahali pamoja pana X badala ya namba, ile nafasi ya X ndiyo toleo lako. Iandike. Kwa CPU na kadi za mawasiliano andika na famuwea (programu ya ndani ya kadi yenyewe), unaweza kuisoma ukiunganisha laptopu ukafungua dirisha la taarifa za moduli ndani ya Step 7 (programu ya Siemens ya kuandikia PLC), na ukiwa umeunganishwa hapo hapo chukua bakapu ya programu. Kwa ControlLogix ya Allen-Bradley uangalie na herufi ya siriesi pamoja na namba ya marekebisho, kwa sababu kwenye mradi kuna mahali panaposema kadi lazima ilingane kabisa au inaruhusiwa kukaribiana, kama imewekwa ilingane kabisa basi kadi yenye marekebisho tofauti itakataliwa na kisimamizi na utabaki unaangalia taa inayopepesa.

VITU VINAVYOENDA PAMOJA NA KADI

Hapa ndipo mipango mingi inavunjika. Unanunua CPU kwa hela nyingi, inafika, inawekwa stoo, siku ya siku inatolewa kwenye boksi, haianzi kazi kwa sababu CPU za S7-300 za kizazi cha karibuni hazifanyi kazi bila kadi ya memori, ile MMC ndogo, na MMC haiji na CPU, inanunuliwa peke yake. Kwa hiyo kila CPU ya spea iwe na MMC yake, saizi ileile au kubwa zaidi, ikiwa tayari na programu ya mashine husika ndani. Tena usije ukaichomeka hiyo MMC kwenye kisomea kadi cha kawaida cha laptopu ukaiformati kwa Windows, utaiharibu isitambulike tena na PLC. Na usiichomoe wakati CPU ina umeme.

CPU za zamani zaidi zinatumia betri kushikilia programu. Kama unayo hiyo, betri ibadilishwe umeme ukiwa umewashwa, kwa sababu ukizima umeme na betri imekufa programu inaondoka, na kama huna bakapu hapo umesimama na mtu aliyeandika hiyo programu labda alishastaafu au alirudi kwao Ulaya zamani.

Bakapu yenyewe nayo ina jambo lake. Ukipakua programu kutoka kwenye CPU ya S7-300 kwa Step 7 ya zamani unapata bloku lakini majina ya alama na maelezo hayaji, yanabaki kwenye mradi wa awali tu. Mashine itarudi kufanya kazi, ila kutafuta tatizo ndani ya programu isiyo na maelezo ni mateso. Kwa hiyo mwombe aliyefunga mashine faili la mradi wenyewe, msumbue mpaka alete, na uhifadhi sehemu mbili tofauti, pamoja na toleo la Step 7 linalolifungua na laptopu ambayo kebo yake unajua inaunganisha. Hii laptopu nayo ni spea, ihesabu.

Kwenye kadi za analogi, kwa mfano 6ES7 331-7KF02, kuna vile vijipande vidogo ubavuni vya kuchagua aina ya kipimo vyenye herufi A, B, C na D. Vinatoka kiwandani vikiwa kwenye B ambayo ni volti. Kama transmita zako ni za waya mbili za 4 mpaka 20 mA unatakiwa uweke D, za waya nne C. Ukichomeka kadi mpya bila kuvigeuza, taa nyekundu ya SF (ya hitilafu) inaweza kuwaka au vipimo vikaja vya ajabu, na mtu anaweza kuapa kwamba kadi imeletwa mbovu. Piga picha ya ubavu wa kadi ya zamani kabla hujaagiza, na ukiletewa mpya viweke vilevile kabisa kisha bandika karatasi imeandikwa ni ya nafasi ipi.

Vingine vya haraka: konekta ya mbele ya pini 20 au 40 (mara nyingi ya zamani inahamishwa na waya zake, ila plastiki ikivunjika unahitaji nyingine), kile kiunganishi cha basi cha nyuma chenye umbo la U ambacho kinapotea kirahisi mno, na kama una ET 200M (reki ya mbali inayounganishwa na CPU kwa mtandao wa Profibus) angalia swichi ndogo za anwani ya Profibus kwenye IM153 (kadi yake ya mawasiliano), ziandike zilivyo. Konekta za Profibus nazo zina swichi ya kumalizia laini, iliyo mwisho iwe ON, za katikati OFF.

NGAPI UWEKE STOO

Sina fomula ya ajabu. Kwa kila namba ya kuagizia jiulize mambo matatu: ikifa mashine inasimama au inaendelea kwa mkono? Ziko ngapi kiwandani? Na kuipata inachukua muda gani kwa kweli, yaani kuanzia kotesheni, bosi kusaini, malipo, usafiri, mpaka kutoka forodhani? Mtu akikwambia "wiki moja" anaongelea ndege tu.

Mimi napenda angalau moja ya kila aina inayoweza kusimamisha uzalishaji, na mbili kwa zile ziko nyingi, hasa kadi za kutoa na pawa saplai. Pawa saplai zinakufa kuliko CPU kwa sababu ya kapasita zake na joto la paneli, kwa hiyo usiweke hela yote kwenye CPU ukasahau PS307 ya ampea 5 inayolisha kila kitu. Kadi za relei nazo zinachakaa kwa kufungua na kufunga, mahali palipo na relei inayobofya mchana kutwa weka ya akiba.

Kama kuna viwanda jirani vyenye mfumo kama wako, ongeeni. Mafundi wanajuana, na kuazimana kadi usiku wa Jumamosi kumeshaokoa watu wengi, ila iwe na karatasi na ruhusa ya meneja sio kwa kificho.

Panga na kalenda ya kiwanda. Viwanda vya sukari Tanzania vinasimama kwa matengenezo kipindi cha masika, basi oda ya kadi lazima itoke miezi kadhaa kabla ili ziwe mkononi wakati mashine zimezimwa, kwa sababu huo ndio wakati pekee unaoweza kuzijaribu kwenye reki halisi bila kugombana na uzalishaji.

KUJUA BIDHAA IKO HATUA GANI

Kwenye ukurasa wa bidhaa wa Siemens kuna hatua ya maisha ya bidhaa, PM300 maana yake bado inauzwa kawaida, PM400 imeanza kuondolewa, PM410 imefutwa na inapatikana kama kipuri tu. Rockwell (wenye Allen-Bradley) wao wana hatua zao nne: hai, hai lakini imekomaa, inakaribia mwisho, na imeondolewa sokoni. Pitia orodha yako yote mara moja kwa mwaka, andika hatua pembeni ya kila namba. Mtengenezaji akitangaza tarehe ya mwisho ya kununua, peleka hiyo barua kwa bosi na hesabu ya nini kitatokea mashine ikilala, ukimpa namba za uzalishaji unaopotea kwa saa anaelewa haraka kuliko ukimwambia "kadi imezeeka". Kama kampuni yenu inapenda viwango rasmi, kuna IEC 62402 inayohusu usimamizi wa bidhaa zinazopitwa na wakati.

WAPI KUNUNUA NA KUKAGUA VIPI

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni wakala rasmi wa mtengenezaji, bei juu lakini una waranti na namba ya siriali inatambulika, kama bado ipo pita hapa, na kwa CPU na kadi za usalama, zile za breki za dharura na boila, mimi sishauri pengine popote. Ya pili ni wauza stoku za nje, Ulaya, Marekani, Dubai na China, wanaouza kadi mpya zilizobaki kwenye miradi. Ya tatu ni zilizotumika na zilizofanyiwa ukarabati, hizi kwa mifumo kama PLC-5 ndio tegemeo, huna namna.

Kwa njia ya pili na ya tatu usikubali picha ya katalogi. Omba picha ya kadi yenyewe, lebo yenye namba nzima, namba ya siriali, toleo, na upande wa nyuma. Linganisha na picha za paneli yako: mwandiko wa lebo, rangi ya plastiki, nafasi ya ule mstari wa X. Namba ya siriali ikirudiwa kwenye kadi mbili tofauti, kimbia. Bei ikiwa chini mno kuliko kila mtu, uliza kwa nini na usiridhike na "promosheni". Lakini usidhani pia kwamba ikiandikwa imetengenezwa China basi ni feki, Siemens wenyewe wana kiwanda Chengdu, cha kuangalia ni kama hiyo namba mahususi inaendana na lebo. Na kuna kadi za kampuni nyingine zinazotengenezwa ziendane na S7-300, hizo sio feki kama zimeandikwa jina lake la kweli, ubaya ni pale zinapouzwa kwa jina la mwingine.

Maneno ya hali ya bidhaa yaandikwe kwenye proforma: mpya iliyofungwa, mpya iliyofunguliwa, au iliyotumika na kupimwa. Waranti miezi mingapi, nani analipa kurudisha ikiwa mbovu, na kwa iliyotumika omba video ikiwa imewashwa. CPU iliyotumika iwe imefutwa na haina nenosiri la mtu. Kama muuzaji hamjuani, usilipe yote mbele, oda ndogo ya kadi moja kwanza halafu kubwa baadaye.

FORODHA NA BETRI

PLC zinaingia kwenye namba ya forodha HS 8537.10, hakikisha ankara inasema wazi ni kifaa cha kudhibiti mitambo, ina namba ya kuagizia na nchi ilikotengenezwa, manake ankara iliyoandikwa "spea za elektroniki" tu inavuta maswali. Bajeti iwe na VAT, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, juu ya ushuru na gharama za wakala. Muulize wakala wako mapema kuhusu ukaguzi wa kabla ya kusafirisha wa TBS au KEBS, kabla mzigo haujaondoka, sio ukishafika.

Betri za lithiamu zisizochajiwa, kama hizi za PLC, zikiwa nje ya kifaa haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria tangu 2015, kwa hiyo ukiziweka kwenye oda moja na CPU unaweza kukuta kifurushi chote kimekwama. Ziagize peke yake, na mapema, na usinunue za miaka kumi kwa mkupuo kwa sababu zinazeeka zikiwa kwenye rafu.

IKIFIKA: PIMA KISHA HIFADHI

Tengeneza benchi ndogo. Reli fupi, pawa saplai moja, CPU moja ya zamani, swichi chache na taa za volti 24, inatosha. Kadi ya kuingiza unapeleka volti 24 kwenye kila pini unaangalia taa ya mbele na unaangalia kwenye laptopu kama biti imebadilika, zote mbili, taa peke yake haitoshi. Ya kutoa iwashe taa halisi au koili ndogo, sio multimita tu, kwa sababu transista iliyochoka inaweza kuonyesha volti 24 bila mzigo na ikashindwa ikibeba. Ya analogi tumia kalibreta: kwenye S7-300 ukiweka 4 mA usome karibu na 0, 12 mA karibu na 13824, 20 mA karibu na 27648. Iache benchi imewaka kwa muda, kadi mbovu nyingi zinajitokeza zikishapata joto.

Kabla ya kuchomoa au kuchomeka kadi kwenye reki kuu ya S7-300 zima umeme, haziruhusu kubadilishwa zikiwa zinafanya kazi. ControlLogix na S7-400 zinaruhusu, lakini hakikisha unajua mashine itafanya nini kadi ikitoka, watu wasiwe karibu na konveya. Vaa mkanda wa mkono wa kuondoa umeme tuli, na shika plastiki sio pini.

Baada ya kupima rudisha kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, weka silika jeli, funga vizuri. Tanga, Mombasa, Dar, hewa ina chumvi na unyevu, rafu ya stoo iliyo wazi karibu na mlango itaota kutu kwenye pini bila wewe kujua. Kabati lililofungwa ndani ya chumba chenye AC linatosha. Bandika lebo: namba nzima, nafasi inayokwenda, tarehe ya kupimwa, aliyepima, toleo la programu kama ni CPU. Kila mwaka zitoe pawa saplai na CPU uziwashe tena kidogo, hasa pawa saplai kwa sababu kapasita zikikaa miaka bila umeme zinadhoofika. Kama na inveta (vifaa vya kurekebisha mwendo wa mota) ziko kwenye stoo yako, hizo usiziwashe moja kwa moja kwa umeme kamili baada ya kukaa zaidi ya mwaka, fuata utaratibu wa mtengenezaji wa kuziamsha kapasita taratibu.

UKIFIKA WAKATI WA KUHAMA

Huwezi kununua spea milele. Njia ninayoipenda kwa kiwanda chenye laini kadhaa zinazofanana: hamisha laini moja kwenda S7-1500 na ET 200SP, ambazo ni kizazi kipya cha Siemens, halafu kadi zote nzima zilizotoka pale zipime benchi na ziwe spea za laini zilizobaki. Unapata stoku ya kadi unazozijua historia yake, na mafundi wanajifunza mfumo mpya kwenye laini moja kabla ya kugusa zingine. Anza na laini yenye kadi adimu zaidi kwenye orodha yako, sio ile rahisi kuhamisha.

Na siku spea ikitumika, oda ya nyingine itoke siku hiyohiyo kabla hamjasahau. Ile iliyokufa usiitupe, toa MMC na betri, bandika karatasi inayosema ilikuwa nafasi gani, taa zipi ziliwaka na nini kilitokea, kisha ipeleke kwa mtu wa kukarabati. Karatasi hiyo inampunguzia kazi nusu nzima.